Nani Atacheza na Wadogo? Mhadhara kwa Walimu wa Michezo, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana wa Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya mlioamka alfajiri ili muwahi kufika mjini, nawashukuru. Nimekuja na mpira wangu wa raga, na naomba uzunguke mikononi mwenu wakati nikizungumza. Mtaona kwamba ncha moja imechubuka, kwa sababu vijana wangu huchezea uwanja wenye changarawe nyingi kuliko majani, na kwamba vile vipele vinavyozuia mpira usiteleze mkononi vimekwisha kabisa. Ni kwa mpira huu ninawafundisha kutoa pasi nyuma huku wakikimbia mbele, jambo ambalo kwa mtoto aliyelelewa na kandanda huwa kichekesho kwa wiki mbili za kwanza.

Nimeombwa nieleze matumaini ya mataifa madogo katika raga ya kimataifa. Udogo ninaouzungumzia si wa idadi ya watu. Wananchi wa New Zealand hawafiki hata sehemu ya kumi ya Watanzania tuliohesabiwa katika sensa ya 2022, lakini katika mchezo huu wao ni wakubwa, na Marekani ni mdogo. Tangu Kombe la Dunia lianze mwaka 1987 yamechezwa makombe 10, na yote yamekwenda kwa mataifa manne: Afrika Kusini mara 4, New Zealand mara 3, Australia mara 2, na Uingereza mara 1.

Wengi husema wadogo wanakosa vipaji au miili. Mimi nasema wanachokosa ni ratiba, yaani mechi za kila mwaka dhidi ya timu zinazowazidi.

Tuitazame Japani. Mwaka 1995, mjini Bloemfontein, ilifungwa na New Zealand 145 kwa 17, na aliyeangalia mechi ile angeweza kuapa kwamba Wajapani wangerudia mieleka yao. Miaka 20 baadaye, mjini Brighton, timu hiyo hiyo ilikuwa nyuma ya Afrika Kusini kwa 32 kwa 29 dakika za mwisho zilipowadia, ikapewa penalti. Kuipiga kati ya nguzo kungeleta sare, na sare na Springboks, yaani hao Afrika Kusini, ilitosha kuwa habari ya dunia nzima. Nahodha Michael Leitch aliikataa, akaomba skramu, yaani wale wazito wanane wa kila upande washikane na kusukumana kugombea mpira. Mpira ukahamishwa kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, na Karne Hesketh akauweka chini pembeni kabisa, nyuma ya mstari wa wapinzani, jambo linaloleta alama tano. 34 kwa 32. Watu huita muujiza, na mimi neno hilo silipendi, kwa kuwa linafuta kazi yote iliyotangulia: ligi ya makampuni iliyojengwa upya mwaka 2003, kambi ngumu za kocha Eddie Jones kuanzia 2012, na ushindi dhidi ya Wales mjini Tokyo mwaka 2013. Mwaka 2019, ikiwa mwenyeji, Japani ilizifunga Ireland na Uskoti na kuingia robo fainali.

Sasa ilinganisheni na Georgia, ile nchi ya Kaukazi, ambayo kwa kusukuma skramu haina wa kuidharau. Mwaka 2022 iliifunga Italia mwezi Julai na Wales mwezi Novemba, tena Wales ikiwa kwao Cardiff. Italia iliingizwa katika Mashindano ya Mataifa Sita, yanayochezwa Ulaya kila mwaka, mwaka 2000, na kati ya 2015 na 2022 ilipoteza humo mechi 36 mfululizo bila kuondolewa. Simaanishi kwamba Italia ifukuzwe, maana mechi hizo ndizo zilizoikomaza. Nauliza kwa nini Georgia inyimwe shule hiyo hiyo. Jibu ni kwamba mashindano yale ni mali ya vyama sita, hayana kupanda wala kushuka daraja, na mwenye nyumba hukaribisha amtakaye.

Visiwa vya Pasifiki vina shida yao. Vipaji vimejaa, lakini huondoka mapema kufuata mishahara ya klabu za Ufaransa na jezi za New Zealand na Australia. Kanuni iliyoanza Januari 2022, inayomruhusu mchezaji aliyekaa miezi 36 bila kuitwa kuhamia nchi aliyozaliwa yeye, wazazi au babu na bibi zake, imewarudisha baadhi yao. Fiji ilipata pia timu, Fijian Drua, katika Super Rugby, ligi ya klabu za New Zealand, Australia na Pasifiki, mwaka 2022. Mwaka uliofuata timu ya taifa ya Fiji ikaifunga Uingereza palepale Twickenham, uwanja wa nyumbani wa Waingereza, na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Hata hivyo, njiani ilifungwa na Ureno 24 kwa 23, na nakiri kwamba usiku ule nilishangilia peke yangu sebuleni.

Kwa Afrika, hali ni ngumu zaidi. Namibia imecheza mechi 26 za Kombe la Dunia kuanzia 1999 bila kushinda hata moja, ingawa mwaka 2015 Georgia iliiponyoka kwa alama moja tu. Julai 2025, hapo Kampala, Zimbabwe iliifunga Namibia 30 kwa 28 na kukata tiketi ya Australia 2027, ikirudi kwenye kombe ambalo haikulicheza tangu 1991. Kombe hilo sasa litakuwa na timu 24 badala ya 20. Nafurahi, lakini nafasi ya wiki chache kila baada ya miaka minne si ratiba. Mashindano mapya ya wakubwa yanayoanza 2026 yamewapokea Japani na Fiji tu, na kwa mpango uliopitishwa 2023, kupanda na kushuka daraja kutasubiri hadi 2030.

Nimeulizwa kabla ya kikao: na sisi wa Mwanza je? Wapinzani wanaotuzidi hatuhitaji kuwafuata Ulaya. Kampala iko ng'ambo ya ziwa hili, na Kisumu, inakochezwa Dala Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande, tunaifikia kwa basi kupitia Sirari. Tutafungwa, pengine kwa alama hamsini. Ninachowaomba walimu ni kwamba kabla hatujatoka humu ukumbini tukubaliane tarehe ya kwenda kufungwa, na tarehe ya kurudi tena mwaka unaofuata. Mpira umefika wapi? Naona umekwamia safu ya nyuma, upitisheni.