Upepo wa Mpira na Jua la Tabora

Ndugu walimu wa michezo, makocha na vijana mliofika,

Mwezi wa Julai hapa Tabora, asubuhi huwa na baridi ya kumtoa mtu na sweta, lakini ifikapo saa nane mchana mchanga wa uwanjani haukanyagiki kwa miguu mitupu. Kocha aliyejaza mpira upepo alfajiri, akaubonyeza kwa dole gumba na kuridhika, huukuta mchana umekuwa mgumu kama embe bichi. Jioni unalegea tena, na hapo lawama humwangukia fundi aliyeziba pancha, ilhali huenda hakuna hewa yoyote iliyotoka.

Hewa iliyofungiwa ndani ya mpira ni chembe ndogo mno zisizotulia, ambazo kila mara huugonga ukuta wa mpira kwa ndani. Zikipata joto huenda kasi zaidi, hugonga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Na kwa kuwa gamba la mpira halitanuki sana, kinachopanda ni kanieneo, ile ambayo mafundi wa matairi huiita presha. Mfaransa Guillaume Amontons aliuchunguza uhusiano huu takriban mwaka 1700.

Hesabu yake ina mitego miwili, nami nimewaona hata waliosoma fizikia wakinaswa. Wa kwanza ni kutumia nyuzi za Selsiasi, kana kwamba kutoka nyuzi 16 hadi 45 joto limekaribia kuwa mara tatu. Kwa hesabu hii ni lazima tuhesabu kwa Kelvini, kipimo kinachoongeza 273 juu ya Selsiasi, yaani 289 na 318, na ongezeko ni asilimia 10 tu. Mtego wa pili umejificha zaidi. Geji haipimi kanieneo yote iliyomo ndani, bali ziada yake juu ya ile ya hewa ya nje, ndiyo maana mpira uliopasuka husoma sifuri ingawa hewa bado imo.

Tuchukue mji wetu, ulio takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya nje inatukandamiza kwa atmosfia 0.87 hivi (atmosfia moja ni kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari). Mpira uliojazwa alfajiri hadi geji ikasoma 1.0 una jumla ya 1.87. Ukiachwa juani hadi ufike nyuzi 45, jumla hiyo inakuwa 2.06, toa 0.87 ya nje, geji itasoma 1.19. Joto limepanda kwa sehemu moja ya kumi, lakini geji imepanda kwa karibu sehemu moja ya tano. Sheria za soka zinaruhusu atmosfia 0.6 hadi 1.1, kwa hiyo mpira uliokuwa halali kabla ya chai umekuwa haramu kabla ya mechi, na hakuna aliyeugusa!

Wamarekani walibishana mno juu ya jambo hili hili, ila kwa upande wa baridi, baada ya mechi ya tarehe 18 Januari 2015, ambapo mipira ya New England Patriots, timu ya futiboli ya Kimarekani, ilipimwa wakati wa mapumziko ikakutwa chini ya kiwango cha pauni 12.5 kwa inchi ya mraba. Kutoka chumba chenye nyuzi 21 hadi uwanja wenye nyuzi 9, fizikia peke yake hupunguza pauni moja na kidogo. Mengine ya kesi ile nawaachia wanasheria.

Pampu nayo hudanganya. Ishikeni pampu ya baiskeli upande wa chini baada ya kujaza kwa haraka: ina moto, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Mpira uliotoka kujazwa basi husoma juu ya hali yake halisi, na haufai kupimwa mpaka upumzike kivulini, pale pale uwanjani utakapochezewa.

Wenzetu wanaosafiri na timu kwa treni kutoka Kigoma huuliza kuhusu mwinuko. Kweli, ziwani kule hewa ya nje ni nzito zaidi, kwa hiyo mpira uliojazwa Kigoma utaongeza atmosfia 0.04 hivi kwenye geji ukifika hapa. Ila ukiachwa saa moja tu kwenye jua la stesheni, ongezeko hilo halitaonekana.