Banti ya Kujitoa: Maana Yake na Bei Yake

Walimu wangu, makocha wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie istilahi moja ya mbinu za besiboli, nami nimechagua ile ambayo huniponyoka kila ninapoitafsiri mbele ya wanafunzi wa hapa Nairobi. Ni lile pigo ambalo Wamarekani huliita kwa neno lao la kafara, nami nitaliita banti ya kujitoa.

Kwanza tulitazame tendo lenyewe. Tuseme mwenzako yuko kituo cha kwanza na hakuna aliyetolewa bado. Mrushaji amesimama umbali wa mita 18 na ushei, na wewe mpigaji, badala ya kulizungusha gongo kwa nguvu, unamgeukia, unatelezesha mkono wa juu hadi karibu na katikati ya gongo, vidole ukivificha kwa nyuma visije vikapondwa, kisha unaliacha gongo liupokee mpira kana kwamba linaudaka. Mpira uliopokewa hivyo hufa. Huviringika hatua chache tu kwenye nyasi, na mlinzi anapoukimbilia, akauokota na kuutupa kituo cha kwanza, wewe umetolewa, lakini mwenzako tayari amefika kituo cha pili. Ukiwa na straiki mbili, yaani umekwisha kuhesabiwa makosa mawili ya kupiga, banti yako ikitoka nje ya mstari unatolewa bure, na mkimbiaji anarudi alikotoka.

Sasa tuje kwenye neno. Kafara, kwa masikio yetu, inanuka damu ya mbuzi na uvumi wa uchawi. Sadaka hutolewa bila kungojea malipo, ilhali mpigaji wetu anangojea malipo waziwazi. Kujitoa mhanga tumekuzoea mno katika taarifa za mabomu, hakufai darasani, ingawa nakiri kwamba kuna banti moja inayokaribiana nako: mkimbiaji wa kituo cha tatu huchomoka kwenda nyumbani, yaani kituo cha mwisho ambako alama hupatikana, mara tu mrushaji anapoanza kurusha, na mpigaji akiukosa mpira, mkimbiaji humkuta mdakaji amekwisha kumsubiri na mpira mkononi.

Mimi huwaelekeza wanafunzi kwa wacheza drafti, wale wa vifuniko vya soda chini ya mti. Mchezaji hodari humlisha mpinzani kete moja, kwa kuwa sheria inamlazimisha aile, na papo hapo yeye anakula mbili. Watazamaji hupiga kelele, lakini sijasikia hata mmoja akimwita mkarimu. Wanajua kwamba amenunua kitu, na kwamba kuna siku hununua kwa hasara.

Hata hivyo, waandishi wa sheria za besiboli walilichukulia kwa uzito wazo la kujitoa. Mpigaji aliyemsogeza mwenzake kwa banti haandikiwi zamu ya kupiga, hivyo wastani wake wa kupiga haushuki. Lakini mweka alama akiona kwamba nia ya mpigaji ilikuwa kujitafutia kituo cha kwanza yeye mwenyewe, msamaha huo haupo. Yaani kijana aliyekaa na kalamu pembeni mwa uwanja anatakiwa apime nia, jambo ambalo sisi wengine tumemwachia Mungu. Tena hakuna banti ya kujitoa pindi wawili wamekwisha kutolewa, kwa kuwa wa tatu akitolewa zamu ya timu inakwisha.

Kipengele hicho cha mwisho nilijifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma nilikuwa nikifundisha timu ya wasichana, nikawahubiria sana kwamba mchezaji bora hujitolea kwa ajili ya timu. Katika mechi moja binti mmoja, wawili wakiwa wametolewa na mwenzake akiwa kituo cha kwanza, alicheza banti safi kabisa, akatolewa kwa raha zake, akaja mbio kwangu akingoja sifa. Zamu yetu ilikuwa imekwisha. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha neno bila kumweleza bei yake.

Na bei yenyewe inahesabika. Timu ina zamu 9 na katika kila zamu hutolewa wachezaji 3, kwa hiyo mtaji wake wote ni 27. Takwimu za ligi kuu ya Marekani za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba, mkimbiaji akiwa kituo cha kwanza na hakuna aliyetolewa, timu hutarajia wastani wa karibu alama 0.9 kabla zamu haijaisha. Akiwa kituo cha pili na mmoja ametolewa, matarajio hushuka hadi karibu 0.7. Banti iliyofaulu, basi, imeipunguzia timu alama. Ndiyo maana kocha Earl Weaver, aliyeiongoza timu ya Baltimore Orioles, hakupenda kabisa kuwatoa watu wake bure.

Banti hii ilidumu Marekani kwa sababu ya warushaji, ambao wengi wao hawajui kupiga, na mtu wa namna hiyo ukimtoa hujapoteza kitu. Tangu mwaka 2022 ligi zote mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani zimemweka mpigaji maalumu badala ya mrushaji, na banti zimeadimika. Japani wameishikilia: Masahiro Kawai wa timu ya Yomiuri Giants alimaliza uchezaji wake na banti za kujitoa 533, akiipita rekodi ya kale ya Mmarekani Eddie Collins, ambayo ni 512.

Je, tuiache? Hapana. Wastani wa alama ni kipimo kizuri unapotaka alama nyingi, lakini kuna saa ambayo unataka moja tu. Tangu mwaka 2020, ligi kuu ya Marekani, katika mechi za msimu wa kawaida, huanza kila zamu ya ziada na mkimbiaji akiwa tayari kituo cha pili. Tuseme timu zimefungana, nasi wenyeji ndio tunaopiga mwisho. Alama moja inamaliza mchezo, ya pili haina kazi, na mkimbiaji akifika kituo cha tatu huku mmoja tu ametolewa, hata mpira wa juu unaodakwa mbali unatosha kumleta nyumbani. Hapo hata mimi, mbishi wa banti, ningeligusa sikio, ambayo ndiyo ishara yetu, na ningetaka mpigaji aushushe mpira upande wa kituo cha tatu, ili mlinzi wa huko alazimike kuufuata na kukiacha kituo chake wazi.