Washington Alisema, Washington Imesema: Safari ya Jina Moja la Ukoo

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Naomba nianze na sarufi, kwa kuwa ndiyo iliyonifikisha kwenye mada hii. Mtu akisema kwa Kiswahili "Washington alifariki mwaka 1799", hakuna atakayeuliza anazungumzia Washington ipi, maana kiambishi cha kitenzi kimekwisha kuliingiza jina hilo katika ngeli ya watu. Akisema "Washington imekataa", kila msikilizaji wa taarifa ya habari anafahamu kuwa ni serikali ya Marekani iliyokataa. Na akisema "Washington kuna baridi", basi hapo ni mahali tu. Silabi moja inatosha kutupa jibu. Lakini lipo jambo moja ambalo lugha yetu inatupotosha kidogo: jina la namna hii tunaliita jina la ukoo, nasi tukitaja ukoo tunafikiria damu, babu na uzao wake. Nikifuatilia safari ya jina la Washington, nimeona kwamba damu ina sehemu ndogo mno katika habari yake, na hilo ndilo ningependa kuwaonyesha jioni hii.

Jina hili lilikuwa la kijiji kabla halijawa la mtu. Kaskazini mashariki mwa Uingereza, kati ya Newcastle na Sunderland, katika eneo lililokuwa sehemu ya kaunti ya Durham, mji wa Washington upo hadi leo. Silabi yake ya mwisho inatokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha boma au makazi yenye shamba lake, na kilichotangulia kinamtaja mtu aliyehusishwa na makazi hayo, kwa hiyo jina zima lilikuwa na maana iliyo karibu sana na ile tunayoipata tunaposema Mtoni kwa Aziz Ali, kule Dar es Salaam. Mwishoni mwa karne ya 12, bwana mmoja aliyeitwa William wa Hertburn alibadilishana ardhi na Askofu wa Durham: akatoa Hertburn, akapewa Washington. Kwa desturi ya wenye ardhi wa wakati ule, aliliacha jina la shamba alilolitoa akajiita kwa jina la shamba alilolipata. Hivyo ndivyo ukoo wa Washington ulivyozaliwa, na ningeomba tukumbuke kwamba mzazi wake wa kwanza ni hati ya kubadilishana viwanja.

Wazao wa William walitawanyika. Mmoja wao, Lawrence, mfanyabiashara wa sufu aliyekuwa meya wa Northampton, alinunua ardhi ya Sulgrave mwaka 1539, baada ya Mfalme Henry wa Nane kuzinyang'anya nyumba za watawa mali zao. Mwingine, Lawrence pia, alikuwa kasisi huko Purleigh, katika kaunti ya Essex, akaondolewa katika kanisa lake mwaka 1643, wakati wa vita kati ya mfalme na bunge. Mwanawe, John, akiwa hana urithi wa maana, aliingia katika biashara ya tumbaku na kusafiri hadi Virginia, ambako mwaka 1657 jahazi lao lilikwama katika mto Potomac. John hakurudi tena kwao. Kando ya mto uleule uliomkwamisha ndipo ulipokuja kujengwa mji mkuu wenye jina lake, ingawa si yeye aliyekusudiwa bali kitukuu chake, George.

George Washington, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1732 na kuwa jemadari wa vita vya uhuru na kisha rais wa kwanza wa Marekani, hakuacha mtoto wa kumzaa. Mkewe, Martha, alikuja na watoto wa mume wake wa kwanza, nao walikuwa wa ukoo wa Custis. Mtu aliyelieneza jina hili duniani kuliko mwingine yeyote, kwa hiyo, hakumpa hata mtoto mmoja kwa njia ya damu.

Jina lilienea kwa sheria, kwa ramani na kwa chuma. Mwezi Septemba 1791 mji mkuu mpya ulipewa jina lake angali hai. Leo kuna kaunti 30 za Marekani ziitwazo Washington, na huko Louisiana, ambako kaunti huitwa parokia, kuna moja zaidi. Kuna daraja la New York lililofunguliwa mwaka 1931 juu ya mto Hudson, kuna uso wake kwenye noti ya dola moja na kwenye sarafu ya robo dola, na kuna hata mti, Washingtonia, wenye majani mapana kama ya mvumo wetu, ambao asili yake ni kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Mlima Washington wa New Hampshire una mita 1,917 tu, yaani hauifikii hata theluthi ya Kilimanjaro, lakini tarehe 12 Aprili 1934 upepo uliopimwa kileleni ulifikia kilomita 372 kwa saa, rekodi iliyodumu hadi mwaka 1996. Mnara wa ukumbusho wake katika mji mkuu una urefu wa mita 169. Ulianza kujengwa mwaka 1848, ukasimama kwa zaidi ya miaka ishirini kwa ukosefu wa fedha na kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ulipomalizika mwaka 1884 mawe ya juu hayakulingana rangi na ya chini. Wageni wanauona mstari ule hadi leo.

Kati ya habari zote za mahali, ninayoipenda ni ya jimbo la Washington, lililo upande wa pili wa nchi, kwenye pwani ya Pasifiki. Mwaka 1853 wakazi wa kule waliomba eneo lao liitwe Columbia, kwa jina la mto wao mkubwa. Mbunge mmoja kutoka Kentucky akapendekeza liitwe Washington badala yake, na hoja iliyotolewa ni kwamba jina la Columbia lingewachanganya watu, kwa kuwa mji mkuu umo katika Wilaya ya Columbia. Bunge likakubali. Kwa hiyo, ili kuwaepusha watu na mchanganyiko, jimbo likapewa jina la mji wenyewe, na tangu lilipokuwa jimbo kamili mwaka 1889 wakazi wake wamekuwa wakiwaeleza wageni kwamba hawaishi karibu na Ikulu.

Sasa niwaombe uvumilivu, kwa sababu nitakaa zaidi kwa watu ambao ramani haiwataji.

George Washington alikuwa mmiliki wa watumwa. Alipofariki, shamba lake la Mount Vernon lilikuwa na watumwa 317, kati yao 123 wakiwa mali yake kisheria, na katika wasia wake aliagiza hao 123 waachwe huru. Wengine walikuwa wamekwisha kujiacha huru wenyewe. Mmoja alizaliwa karibu na mto Gambia, Afrika Magharibi, yapata mwaka 1740, akauzwa Marekani, akanunuliwa na Washington, akaitwa Harry. Mwaka 1776 alitoroka na kujiunga na Waingereza, waliokuwa wameahidi uhuru kwa watumwa wa waasi. Waingereza waliposhindwa na kuhama New York mwaka 1783, makarani wao waliandika orodha ya Weusi walioondoka nao, na humo anaonekana Harry Washington, mwenye umri wa miaka 43, aliyekuwa mali ya Jemadari Washington. Alipelekwa Nova Scotia, kwenye ardhi mbovu na baridi kali, na mwaka 1792 akavuka bahari tena hadi Sierra Leone, akawa miongoni mwa walioanzisha Freetown. Huko, mwaka 1800, walowezi waliasi dhidi ya kampuni iliyowatawala, na miongoni mwa manung'uniko yao ilikuwa kodi ya ardhi. Harry alikuwa mmoja wa waasi, akahukumiwa na kufukuzwa. Jina la Washington, basi, lilifika Afrika likiwa limebebwa na Mwafrika aliyekuwa akirudi, naye aliasi kwa sababu ya kodi kama alivyoasi bwana wake. Mimi huyu namhesabu kuwa Washington halisi kuliko wengi waliolipata jina hilo kwa kuzaliwa.

Mpwa wa George, Bushrod Washington, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, alirithi Mount Vernon, na yeye alikuwa rais wa kwanza wa chama kilichowahamishia Weusi huru Liberia. Mtu huyohuyo aliuza watumwa 54 kutoka Mount Vernon mwaka 1821. Monrovia, ambako bandari kuu ya nchi ipo kwenye Kisiwa cha Bushrod, wamebaki na jina lake la kwanza.

Tuje kwa Booker. Alizaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1856, na bwana wake hakuwa Washington bali Burroughs. Baada ya uhuru familia ilihamia West Virginia, na siku alipoingia darasani alisikia watoto wenzake wakiitwa kwa majina mawili au zaidi, naye alikuwa nalo moja tu. Zamu yake ilipofika, alimwambia mwalimu bila kusita kwamba anaitwa Booker Washington. Mume wa mama yake aliitwa Washington Ferguson, na jina la kwanza la baba wa kambo likawa jina la mwisho la mtoto. Mama yake alipomweleza baadaye kuwa alimpa pia jina la Taliaferro, aliliweka katikati. Mtoto huyu alikuja kuanzisha Tuskegee, chuo cha Weusi huko Alabama, mwaka 1881.

Wapo wanaodhani kwamba Wamarekani Weusi wenye jina hili ni wazao wa watumwa wa George. Hesabu inakataa. Katika sensa ya mwaka 2000, watu zaidi ya 160,000 walikuwa na jina la Washington, na takriban tisa kati ya kumi walikuwa Weusi. Idadi hiyo haiwezi kutoka Mount Vernon peke yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, waliokuwa watumwa walihitaji jina la pili ili waandikishwe ndoa, mishahara na shule, na wengi wao walichagua. Kwa nini wakachagua jina la mwenye watumwa? Jibu langu ni kwamba walichagua jina la nchi, wakidai kwamba ni yao pia. Hata mwimbaji Dinah Washington alizaliwa Ruth Jones, akalichukua jina hilo alipopanda jukwaani. Harold Washington alikuwa meya wa kwanza Mweusi wa Chicago, mwaka 1983. Denzel Washington mnamfahamu, sina haja ya kumweleza. Na mwaka 1975 Walter Washington, kitukuu cha mtumwa, alishika madaraka ya meya aliyechaguliwa na wakazi wa mji wa Washington, mji ambao tangu mwaka 1938 bendera yake ni nembo ya ukoo wa kina George: mistari miwili myekundu na nyota tatu.

Mwisho kabisa, jina hili lilitoka mwisho likaja mbele. Mwandishi Washington Irving, aliyezaliwa New York mwaka 1783, aliitwa hivyo kwa heshima ya jemadari, na mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la Brooklyn aliitwa Washington Roebling. Karibu zaidi na sisi, magharibi mwa Kenya, hasa kwa Wajaluo, Washington ni jina la kwanza la kawaida, na jina la baba hufuata nyuma yake bila kuondolewa. Marehemu Washington Jakoyo Midiwo, aliyekuwa mbunge wa Gem, ni mfano mnaoujua. Huko sarufi yetu haina tena kazi ya kutenganisha chochote. Mtu akisema "Washington amefika", waliopo hugeuka kutazama mlangoni.