Gari imelala upande baada ya springi fupi: usimkamate wa kwanza unayemwona

DADA: Haya karibuni jamani, leo stori ni chache, tunaingia chini ya gari moja kwa moja. Kuna ndugu yetu wa Mbarara, hapa Uganda, ana Subaru Forester ile ya SG, yaani kizazi cha pili, amefunga springi fupi, zile za kushusha gari, na sasa anasema gari imelala kulia, ukisimama nyuma yake unaona kabisa hata kama huna macho ya fundi. Aliyemfungia anamwambia ngoja tu zitajiseti zenyewe. Sasa fundi, hii ya kujiseti ni kweli au ni maneno ya kumfukuza mteja getini?

FUNDI: Kidogo ni kweli nnyabo. Springi mpya hushuka kidogo wiki za kwanza, milimita chache. Lakini zinashuka zote pamoja, sio ya kulia peke yake iamue kulala. Gari ikiwa imeinama sentimita nzima na zaidi leo, mwezi ujao itakuwa imeinama vilevile, ila chini kidogo.

DADA: Eh banange. Na yeye hapa anasema kushoto vidole vinne, kulia vitatu.

FUNDI: Vidole viache! Hiyo ya kuingiza vidole kati ya tairi na fenda ni ya kupiga picha. Vidole vya nani kwanza? Na tairi moja ikiwa mpya na nyingine imeisha, au upepo haulingani, vidole vinakudanganya. Unachukua tepu, unapima kutoka katikati ya rimu, pale penye kofia, unapanda wima mpaka ukingo wa fenda. Kona zote nne unaandika, usishike kichwani.

DADA: Halafu apime wapi? Maana barabara zetu hizi zinainamia mtaro, ukipaki pembeni gari yoyote imelala.

FUNDI: Hapo umesema. Petroli stesheni, ile sehemu ya simenti karibu na pampu, aombe dakika mbili asubuhi kabla foleni haijaja. Upepo uwe sawa, buti iwe tupu, asiwe ameketi mtu ndani. Na kitu watu wanasahau, ukishusha gari kutoka kwenye jeki usipime hapohapo, matairi yanakuwa yamekaa yameingia ndani na gari imesimama juu. Endesha kidogo, rudi, sukuma bodi juu chini kila kona, ndiyo upime.

DADA: Sasa hapa ndiyo napenda kwa sababu tulimwambia apime hivyo na akatuma namba. Mbele kushoto 38, mbele kulia 36 na nusu. Nyuma kushoto 37 na nusu, nyuma kulia 36 kasoro kidogo. Na anauliza, kwa kuwa mbele kushoto ndiyo iko juu kuliko zote, anunue springi moja ya mbele kushoto?

FUNDI: Hapana. Hapana kabisa. Hapo ndipo pesa za watu zinapotelea. Angalia tofauti ya kushoto na kulia, usiangalie kona moja. Mbele tofauti ni moja na nusu. Nyuma?

DADA: Nyuma nayo... moja na nusu, au zaidi kidogo.

FUNDI: Ndiyo. Na lazima iwe hivyo, kwa sababu bodi ya gari ni ngumu, haipindiki kama godoro. Springi moja tu ikiwa ndefu, iwe ya mbele au ya nyuma, inaisukuma bodi yote ilale, na hiyo kulala utaisoma mbele na utaisoma nyuma karibu sawasawa. Kwa hiyo tepu inakwambia gari imelala, inakwambia kiasi gani, lakini haikwambii nani amelalisha. Kona iliyo juu kuliko zote inaweza kuwa haina kosa lolote.

DADA: Ngoja kwanza. Na je mbele ingesoma tofauti ya moja na nusu halafu nyuma isome sifuri?

FUNDI: Basi springi hazihusiki, au zinahusika kidogo tu. Hapo mahali ulipopimia hapako sawa, au fenda ile ilishawahi kugongwa ikabadilishwa au ikanyooshwa, ukingo wake haupo pale kiwanda kiliuweka. Gari za kutoka Japani nyingine zimekuja na historia yake hiyo, rangi inang'aa lakini fenda imepanda. Katika hali hiyo pima sehemu ya chini, kwenye chasisi pale panapowekwa jeki, kushoto na kulia, kutoka chini kwenye simenti.

DADA: Kale. Sasa mkosaji anapatikanaje? Mbele au nyuma?

FUNDI: Kwa jeki moja tu. Unaweka vigingi kwenye matairi ya nyuma, mbele na nyuma yake, unainua gari kwa mbele, jeki ikae kwenye krosimemba, kile chuma kinachokatiza chini ya gari kushoto mpaka kulia, katikati kabisa, kichwa cha jeki kiwe kidogo na kisiegemee upande. Unainua mpaka matairi ya mbele yote mawili yaache ardhi. Sasa fikiria, mbele gari imesimama kwenye kitu kimoja katikati, mbele haiwezi kuilalisha tena. Anayeamua kulala ni nyuma peke yake.

DADA: Aaa! Kwa hiyo unapima nyuma tena.

FUNDI: Unapima nyuma tena, kushoto na kulia. Ikiwa nyuma imenyooka, tatizo lilikuwa mbele. Ikiwa bado imelala ileile, tatizo liko nyuma. Halafu unashusha, unarudia kwa upande mwingine, jeki chini ya difu ya nyuma, lile bonge la gia la katikati, unasoma mbele. Na tafadhali, gari ikiwa kwenye jeki moja namna hiyo hakuna mtu kuingia chini, hata mkono tu. Unapima kutoka nje unaondoka.

DADA: Huyu ndugu alifanya, na majibu yake ni kwamba alipoinua mbele, nyuma ilibaki imelala vilevile. Yaani mbele kushoto, ile aliyotaka kununulia springi...

FUNDI: Haina kosa. Mkosaji yuko nyuma.

DADA: Wanaume na springi jamani. Haya endelea, nyuma afungue nini?

FUNDI: Kabla ya kufungua springi kuna kitu cha bure. Bushi. Hizi bushi za mikono ya chini, ile mikono ya chuma inayoshika tairi na bodi, raba yake imeshikana na chuma cha ndani na chuma cha nje, haizunguki, inajinyonga tu. Sasa fundi akifunga springi, gari iko juu, matairi yananing'inia, na akakaza bolti zote hapohapo mpaka mwisho, ile raba inashikwa ikiwa kwenye hali ya kuning'inia. Ukishusha gari raba inanyongwa muda wote, inasukuma gari juu. Na kama kulia bushi imekufa na kushoto bado ngumu, basi kushoto inasukuma zaidi, gari inalala kulia.

DADA: Na hapa kwetu ndivyo wengi wanavyokaza, gari ikiwa hewani, kwa sababu ikishuka spana haifiki.

FUNDI: Haifiki, ni kweli, ndiyo maana unatafuta shimo la gereji au unapandisha matairi yote manne kwenye mbao nene za kulingana. Legeza bolti za mikono ya nyuma, sio kuzitoa, legeza tu, sukuma gari juu chini, isogeze mbele nyuma, halafu kaza ikiwa imesimama kwa uzito wake. Wakati mwingine inashuka hapohapo unaiona. Na hata kama haikushuka umeokoa bushi, kwa sababu bushi iliyonyongwa inapasuka mapema, na kwenye gari iliyoshushwa ndiyo haraka zaidi.

DADA: Na hizo SG zenyewe sio vijana. Sheria ya Uganda ya 2018 ilikataza kuingiza gari yenye miaka 15 na kuendelea, na SG iliacha kutengenezwa kitambo, maana yake iliyopo Uganda leo ni ya zamani na imeshakula mashimo ya kutosha.

FUNDI: Kabisa, raba zake zina umri wa mtoto wa sekondari. Ukishamaliza bushi, legeza linki za stabilaiza ya nyuma, ile fito inayounganisha kushoto na kulia, gari ikinyooka basi ile fito ndiyo ilikuwa inavuta. Ikigoma, sasa toa shokapu na springi yake, na uangalie mkia wa springi, yaani ncha yake ya chini, umekaa wapi. Kwenye kile kisahani cha chini kuna ngazi ndogo, mkia unatakiwa uguse pale. Ukizunguka ukapanda juu ya ngazi, kona hiyo imeinuka, na ndiyo kitu ninachokikuta zaidi kwenye kazi za haraka haraka.

DADA: Kwa huyu wa Mbarara ndicho kilichokutwa?

FUNDI: Nyuma kushoto. Mkia umepanda juu ya ngazi. Na juu, ile raba ya springi, upande wa kulia haikurudishwa, aliyefunga aliiona imechoka akaitupa. Kushoto imeinuliwa, kulia imeshushwa, unajumlisha.

DADA: Yaani springi hazikuwa na kosa hata moja!

FUNDI: Hata moja. Angekuta kila kitu kimekaa vizuri ndipo angebadilishana springi, ya kushoto iende kulia. Gari ikilala upande wa pili, springi ndiyo mbovu, rudisha dukani. Ikibaki palepale, gari ndiyo ina neno, maunti, pale shokapu inaposhikwa juu, imebonyea, kisahani kimepinda kwa shimo, au chasisi.

DADA: Hapo usiruke, kuna wanaosema shokapu imekufa ndiyo maana imelala.

FUNDI: Shokapu ya kawaida haibebi gari, inatuliza tu. Yenye gesi inasaidia kuinua kidogo sana. Ila Forester ina mtego wake, kuna zilizotoka na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe, gari ikitembea zinajipampu na kurudisha kimo hata ukipakia mizigo. Hizo zinabeba kweli, na springi yake ya kiwandani ni laini makusudi. Sasa moja ikichoka na nyingine haijachoka, ule upande unakaa chini. Na ukitoa hizo ukaweka shokapu za kawaida ukaacha springi ileile laini, matako ya gari yanakaa chini yote, hapo ni lazima ubadilishe na springi.

DADA: Na springi za mtumba za Kisekka, lile soko la spea la Kampala?

FUNDI: Nenda, lakini usibebe moja. Beba jozi, zisimamishe mezani pamoja, kimo kiwe kimoja, idadi ya mizunguko, unene wa chuma, na zile alama za rangi zifanane. Na kuna magari ambayo kiwanda chenyewe kiliweka kulia na kushoto tofauti, kwa ajili ya uzito wa dereva na tangi, kwa hiyo kit iliyopangiwa gari ya usukani wa kushoto ukiileta kwetu inaweza kulala kidogo bila kosa la fundi. Uliza dukani kabla ya kulipa.

DADA: Mwingine wa Arua anasema yeye hakununua, alikata za kwake na grainda, mzunguko mmoja kila upande, na bado imelala.

FUNDI: Ssebo, hata ukikata vizuri, ule mwisho uliokatwa haukai tena kwenye kisahani kama ulivyoumbwa, na springi inakuwa ngumu zaidi. Gari ikiruka tuta matairi yakining'inia, springi inaweza kulegea kabisa mahali pake. Na wale wa kuichoma kwa gesi mpaka ilegee ndio wabaya zaidi, chuma kinapoteza ugumu wake na kitaendelea kushuka, kila upande kwa mwendo wake. Huyo nisingemtafutia mkosaji, anunue springi mpya nne.

DADA: Wacha. Na tofauti ikibaki kiasi gani mtu alale usingizi?

FUNDI: Milimita tano hata gari mpya inaweza kuwa nayo. Ikikaribia sentimita naanza kutafuta. Wa Mbarara alibaki na milimita nne, nikamwambia funga boneti nenda zako. Ila apite kwenye alaimenti, kambari na toe, yaani tairi zinavyoinama na zinavyoelekea, zimesogea zote gari iliposhuka, nyuma hasa, la sivyo atakula matairi upande wa ndani. Na taa za mbele azikague, mwelekeo wake unaweza kuwa umebadilika.