Ureno Haikuhalalisha Unga

Ndugu watazamaji, hamjambo huko nyumbani. Kila mjadala wa dawa za kulevya unapopamba moto, hakosekani mtu wa kusema kwamba huku Ureno ninakoishi unga umehalalishwa na watu wanajidunga watakavyo. Si kweli, na kwa kuwa hoja hiyo hutumiwa na wanaotaka mageuzi na wanaoyapinga vilevile, ni vyema tuifahamu sheria yenyewe kabla ya kuisifu au kuilaani.

Sheria Namba 30 ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2001, haikumlegezea muuzaji hata kidogo. Anayeuza au kusafirisha bado hufikishwa mahakamani na kufungwa. Kilichobadilika ni hali ya mtumiaji. Anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10, ambacho kwa heroini ni gramu 1, hashtakiwi kwa jinai, bali polisi humnyang'anya alichonacho na kumpa wito wa kufika mbele ya tume ya watu 3, mmoja akiwa mwanasheria na wengine wakitoka katika fani kama tiba, saikolojia au ustawi wa jamii. Hapo hakuna joho wala kizimba: huulizwa anatumia nini, tangu lini, analala wapi, ana kazi au hana. Mraibu akikubali kutibiwa, shauri lake husimamishwa. Faini hutozwa wasio waraibu tu, na sababu iko wazi, kwani mraibu angeitoa wapi kama si kwa kuiba?

Wareno hawakufika huko kwa ulaini wa moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 takriban mtu 1 katika kila 100 alikuwa ameguswa na heroini, na mtaa wa Casal Ventoso hapa Lisbon ulijaa watu waliojidunga mchana kweupe kwa sindano walizochangia. Mwaka 2001 waliogunduliwa kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa njia ya kujidunga walizidi 1,000. Kufikia 2012 walikuwa chini ya 100.

Lakini sheria peke yake haikuleta nafuu hiyo. Nyuma yake kulikuwa na vituo vya tiba, ubadilishaji wa sindano, na magari yanayozunguka mjini yakitoa methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini. Mtu hufika dirishani, hutaja namba yake, hupewa kikombe kidogo, hunywa mbele ya muuguzi, kisha huenda zake kazini bila kushikwa na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa. Kazi hiyo huchosha, hugharimu fedha kila mwaka, na haina shangwe ya kisiasa.

Asiyeamini aitazame Oregon, jimbo la Marekani, lililoondoa adhabu ya jinai mwaka 2021 huku huduma za tiba zikiwa bado hazijajengwa. Aliyekamatwa aliandikiwa faini ya dola 100, ambayo ingefutwa kama angepiga simu kufanyiwa tathmini ya afya. Wachache mno walipiga, na mwaka 2024 kosa la jinai likarudishwa.

Kwetu mambo yamekwenda kinyume chake, na nadhani hapo ndipo mjadala wetu unapopaswa kuanzia. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014; tiba ipo, ingawa haijamfikia kila anayeihitaji, ilhali anayekutwa na kete moja mfukoni bado ni mshtakiwa. Hivyo serikali ileile inayomlipa muuguzi amwokoe kijana ndiyo inayomlipa askari amkamate kijana huyohuyo. Akipona, miaka kadhaa baadaye, anapoomba kazi na kutakiwa kuonyesha cheti cha tabia njema, ile hukumu ya kete moja inamzibia mlango ambao methadoni ilikuwa imeshamfungulia.