Tochi ya Saa Tisa Usiku

HAIKA: Karibu tena, msikilizaji. Tuko hapa Moshi, dukani kwangu ninapokodishia vifaa vya mlimani, na Kibo imejifunika mawingu tangu asubuhi. Mimi ni Haika. Niko na kaka yangu Elinami, anayeongoza wageni Kilimanjaro na Meru. Kaka Eli, za mlimani?

ELINAMI: Nzuri, dada. Nimeshuka juzi kwa njia ya Mweka. Wote tumerudi salama, tunamshukuru Mungu.

HAIKA: Leo ni tochi. Na kabla ya yote nataka uwasimulie ile ya kambi ya Barafu, maana mimi nikichagua tochi ya kuweka kwenye hii rafu huwa naikumbuka hiyo.

ELINAMI: Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo, bado msaidizi. Tumetoka kambi ya Barafu saa sita usiku kama ilivyo kawaida. Barafu iko mita 4,673, Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kibo, iko 5,756. Hapo kati ni kupanda tu, kokoto zinateleza, upepo unakata. Ilipofika kama saa tisa tochi yangu ya kichwani ikaanza kufifia. Nikaibonyeza, ikarudi kidogo, ikafifia tena mpaka ikabaki nukta. Ilikuwa inatumia betri tatu, zile nyembamba za rimoti, na nilikuwa na nyingine tatu mfukoni.

HAIKA: Sasa kuzibadilisha.

ELINAMI: Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kifuniko chake kilikuwa na kipini kidogo cha kubinua kwa ukucha. Nimevua glavu, vidole havina habari, alama za jumlisha na kutoa zimechorwa kwenye plastiki nyeusi, sizioni. Naingiza ya kwanza, naingiza ya pili, ya tatu ikaniponyoka. Niliisikia ikigonga mawe, ti, ti, ti, inashuka, kisha kimya. Tochi inataka tatu, mimi nina mbili. Nimeongoza wageni mpaka alfajiri kwa mwanga wao wenyewe, na hilo lilinikaa rohoni, kwa sababu anayetakiwa kuona njia ni mimi.

HAIKA: Malizia na ile ya mchana.

ELINAMI: Ee. Tumerudi kambini, jua limewaka. Nikazitoa zile betri za kwanza mfukoni, zile nilizosema zimekufa, nikazirudisha kwenye tochi. Ikawaka vizuri kabisa.

HAIKA: Msikilizaji, shika hapo. Betri haikuwa imeisha, ilikuwa imepigwa baridi. Ndani ya betri umeme unatokana na kemia, na kemia ikipata baridi inakwenda pole pole. Usiku wa kwenda kileleni nyuzi 10 mpaka 20 chini ya sifuri si jambo la ajabu. Hizi betri za alkalini za dukani ndizo zinazoumia zaidi, maana kemia ya ndani yake ina maji. Za lithiamu za kuchaji nazo hupungua nguvu, ila zinahimili kuliko hizo. Na kuna za lithiamu za kutumia mara moja, umbo lile lile la kawaida, nyepesi mkononi, hizo baridi ya Kibo haizisumbui. Wageni huja nazo. Ukiachiwa pakiti, itunze kwa ajili ya kilele, usiiweke kwenye redio.

ELINAMI: Na hata za kawaida, ukizivalisha joto zinakufikisha. Mimi sasa betri ya akiba inakaa mfuko wa ndani kabisa, karibu na kifua. Usiku nalala nayo ndani ya begi la kulalia, pamoja na simu.

HAIKA: Haya, tuje kwenye boksi. Mteja anaingia hapa ananiambia, dada, nataka ya lumeni elfu kumi. Namuuliza, ya kumulika nini? Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Haikuambii unaenda umbali gani wala unadumu muda gani. Kutembea njiani usiku, lumeni 50 mpaka 100 zinatosha. Ukitaka kutafuta njia kwenye miamba, 200 au 300 kwa dakika chache. Basi.

ELINAMI: Kweli. Usiku mzima natembea na mwanga mdogo. Ule mkali nauwasha nikihesabu watu wangu, au mtu akitoka nje ya njia.

HAIKA: Na kuna hesabu moja nimeiandika hapa ukutani, kwa sababu inazuia watu kuibiwa. Taa ya LED nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Betri nene ya kuchaji, ile inayoitwa 18650, yaani unene milimita 18, urefu milimita 65, ikiwa ni ya milliampia-saa 3,000, yaani kipimo cha umeme inaobeba, ina nishati kama ya wati 10 kwa saa moja. Kwa hiyo lumeni 100 itakupa kwa saa kama kumi. Lumeni 1,000, saa moja, na hapo tochi itakuwa ya moto mpaka ijipunguze yenyewe. Mtu akikwambia betri moja, lumeni elfu kumi, saa ishirini, hiyo nishati anaitoa wapi?

ELINAMI: Kuna tochi nyingine boksi linasema saa 100, na kampuni ni ya heshima.

HAIKA: Na huenda hawadanganyi, ila wanahesabu kwa namna yao. Kuna kipimo cha Marekani kinaitwa ANSI FL1, kilianza mwaka 2009, kampuni nyingi zinakifuata. Muda unahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi ya lumeni 300 inaendelea kuhesabiwa mpaka ibaki na 30. Kwa hiyo zile saa nyingi, sehemu kubwa unaweza kuwa unatembea na mwanga hafifu. Umbali nao, boksi likisema mita 100, maana yake kwenye mita 100 mwanga unaofika ni robo ya luksi, ambayo ni kama mbalamwezi ya mwezi mpevu.

ELINAMI: Ngoja, hiyo mbalamwezi mimi naijua vizuri. Mwezi mpevu pale juu ya Barafu, kama kuna theluji kidogo, tunazima tochi tunatembea. Kumbe ndiyo kipimo.

HAIKA: Ndiyo hicho. Inakutosha kuweka mguu, haitoshi kusoma ramani. Na ukitaka umbali mara mbili unahitaji ukali mara nne, ndiyo maana tochi za kufika mbali zinamaliza betri upesi.

ELINAMI: Tupime ile betri niliyokuletea? Nimeinunua sokoni Mbuyuni, imeandikwa milliampia-saa 9,900.

HAIKA: Lete. Hii ni mizani yangu ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Betri halisi ya saizi hii ina uzito wa gramu 45 mpaka 50. Na zilizo nzuri uwezo wake unazunguka 3,500, siyo 9,900. Weka… Unaona?

ELINAMI: Gramu 31.

HAIKA: Gramu 31. Ndani kuna kibetri kidogo, kwingine wamejaza tu. Namba ya uongo ni hasara, sawa, lakini mimi kinachonitia hofu ni moto. Betri ya lithiamu isiyojulikana imetoka wapi, usiichaji usiku umelala, wala usiichaji juu ya godoro. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu nyumba zetu nyingi hapa zimepangwa, chumba kwa chumba, watoto wamelala mlango wa pili.

ELINAMI: Na nyongeza kidogo hapo, kwa wenzangu wa mlimani. Usichaji betri ya lithiamu ikiwa imeganda. Chini ya sifuri, kuchaji kunaiharibu ndani na hairudi. Asubuhi Barafu watu wanachomeka kwenye pawabanki hapo hapo nje. Ipashe kwanza mwilini.

HAIKA: Sasa tochi zinazorudi dukani. Adui namba moja ni kuvuja. Mtu ameiweka na betri za alkalini miezi sita, ukifungua unakuta unga mweupe umeshika vyuma. Usiitupe. Vaa glavu, maana ule unga unachoma ngozi. Chukua pamba kwenye kijiti, chovya limau au siki kidogo, sugua mpaka uache kutoa povu, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke kabisa. Nimeokoa tochi nyingi hivyo, na wiki iliyopita nimeokoa mbili za mitumba kutoka soko la Memorial, nzuri sana, zilikuwa zinauzwa kama mbovu.

ELINAMI: Mimi ningeongeza, kabla hujalipa, vaa glavu zako za mlimani hapo hapo dukani. Iwashe, ipunguze, izime. Kisha funga macho, fungua sehemu ya betri, toa, rudisha. Ukishindwa na Moshi hii yenye joto, Stella Point utaweza? Ndiyo maana siku hizi napenda ya betri moja nene.

HAIKA: Ni kuingiza moja tu, huna tatu za kuhangaika nazo.

ELINAMI: Na swichi iwe na namna ya kufungwa. Kuna tochi zinawaka zenyewe ndani ya begi, ukifika kambini betri imekwisha. Isiyo na kufuli, geuza betri moja nyuma mbele, au legeza kifuniko mpaka umeme ukatike.

HAIKA: Maji je?

ELINAMI: Msitu wa Machame mvua inanyesha wakati wowote. Ikiwa na alama ya IPX4, inahimili manyunyu, inatosha. Ninachotaka watu wajue zaidi ni ukungu. Ukiwa ndani ya ukungu na tochi iko kwenye paji la uso, mwanga unagonga yale matone unarudi machoni. Unaona ukuta mweupe. Basi ivue, ishike mkononi usawa wa kiuno, au ifunge kwenye mkanda wa begi. Ukuta unapungua, na kuna faida ya pili: mwanga ukitoka chini kila jiwe linatupa kivuli, unaona lipi limeinuka. Ukitoka juu ya macho vivuli vinajificha nyuma ya mawe, ardhi inaonekana kama sakafu, unajikwaa.

HAIKA: Na taa nyekundu? Wateja wanaiona kama pambo.

ELINAMI: Hapana, hiyo naithamini. Jicho huchukua kama nusu saa kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa sekunde moja unaliharibia. Kwenye hema la chakula, kwenye kuamsha wageni, tumia nyekundu. Tena ukiongea na mtu, inamisha tochi. Kumulika mtu mzima usoni si adabu.

HAIKA: Kwa Meru unashauri tofauti?

ELINAMI: Kidogo. Meru kuna nyati, hasa maeneo ya Miriakamba, ndiyo maana tunapanda na askari mwenye silaha. Hapo ule mwanga mwembamba wa kwenda mbali una kazi. Ukitoka nje usiku, au unaenda chooni, simama kwanza, zungusha mwanga pole pole, tafuta macho yanayong'aa. Kambi ya Simba kule Ngorongoro ni hivyo hivyo. Ukiona macho, rudi ndani, mwamshe mwenzako.

HAIKA: Kaka Eli, kabla hatujafunga, kuna jambo tumezungumza sana mimi na wewe nje ya kipindi. Wagumu.

ELINAMI: Ndiyo. Wasikilizaji wa mbali, wagumu ndio wapagazi wetu. Barafu hakuna maji. Maji yanafuatwa bonde la Karanga, kwenda na kurudi, na mara nyingi giza linamkuta mtu njiani. Nimekutana na kijana anapanda, dumu la lita 20 begani, mkono mmoja umelishika, mkono wa pili anajisaidia kwenye mwamba, simu ameiuma kwa meno ili imulike mbele. Mate yanamtoka, hawezi hata kunijibu salamu. Simu yenyewe ndiyo anayompigia mke wake.

HAIKA: Na orodha ya vifaa vya mgeni tochi ya kichwani imo.

ELINAMI: Imo, mstari wa juu kabisa. Kwa mgumu nimefanya kazi na kampuni ambayo haikuwahi kuuliza. Inaniuma, dada. Mimi nilianzia kwenye kubeba. Kwa hiyo siku hizi, tukiwa bado getini kwenye kupima mizigo, naangalia tochi za watu wote. Siulizi kama anayo, nasema, washa nione.

HAIKA: Mimi kwa upande wangu nimetenga sanduku hili hapa, tochi zile ninazosafisha kwa limau. Mgumu akija na kitambulisho chake namwazima, halipi. Akishuka kutoka mlimani anairudisha, naipima betri, inaenda kwa mwingine. Na wageni mnaoondoka, ile tochi mnayosema mtaiacha tu hotelini, mpe mtu aliyekubebea begi, mkononi, pamoja na waya wake wa kuchajia.

ELINAMI: Waya, tafadhali. Wengi wanausahau.

HAIKA: Unapanda lini tena?

ELINAMI: Jumatatu, Machame. Wagumu kumi na mmoja. Watatu hawana.

HAIKA: Chagua hapo. Hiyo ya bluu bawaba yake imelegea, iache. Chukua hizi mbili za betri moja na ile nyeusi.

ELINAMI: Naomba glavu zako kwanza, nizijaribu.