Mwenye Kupima Uungwana

Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya walimu, wanafunzi na wenyeji wa mji

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliofika, asalaam alaykum.

Naanza na kofia, kwa kuwa kila mwanamume aliyeketi humu ama ameivaa ama ameiacha nyumbani. Kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono na kofia ya mashine, ukizitazama kwa mbali, huenda usizitofautishe. Lakini mzee aliyekulia mji huu akiishika na kupitisha kidole gumba juu ya vile vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, papo hapo hujua ipi ni kazi ya mkono. Mimi nakishughulikia kidole kile: kilifunzwa wapi, na kwa nini asiyekuwa nacho hujiona mdogo mbele ya mwenye nacho?

Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, alilishughulikia swali la jinsi hii kwa utafiti wa miaka ya 1960 uliowahoji watu 1,217, akatoa kitabu chake mwaka 1979. Alidai kwamba ladha ya mtu katika muziki, picha na chakula, hata namna yake ya kuketi, huja kwa malezi ikazama mwilini mpaka mwenyewe akaidhani ni maumbile, kisha ikamfungulia milango ambayo fedha peke yake haifungui. Huo ndio mtaji wa utamaduni. Hapa kwetu liko neno la zamani zaidi, nalo ni uungwana, ambalo leo tunalitumia kwa maana ya tabia njema. Asili yake ni hali ya mtu asiye mtumwa, na anayelisahau hilo ataupitia mji huu bila ya kuuona.

Mwaka 1996 wanasosholojia Richard Peterson na Roger Kern, wakilinganisha takwimu za Marekani za mwaka 1982 na 1992, walieleza kwamba watu wa tabaka la juu hawakuwa tena wateuzi wa opera na okestra peke yake. Walikuwa wakizidi kusikiliza mambo ya kila namna. Tuwaite wala-vyote. Wako waliofurahi wakidhani ukuta baina ya matabaka umeanguka. Lakini mwaka huo huo, katika jarida lile lile walilochapishia Peterson na Kern, Bethany Bryson alionyesha kwamba wasomi hao wavumilivu walikuwa na muziki waliokuwa wakiukataa, na aghalabu ulikuwa ule unaopendwa na watu wenye elimu ndogo kabisa. Mjadala huo haujafungwa, nami naegemea upande wa Bryson.

Upo mvutano mwingine unaonigusa zaidi. Mwanasosholojia Ann Swidler aliandika mwaka 1986 kwamba utamaduni ni kama sanduku la fundi, mtu huchomoa humo chombo kinachomfaa kwa shughuli iliyo mbele yake. Stephen Vaisey akampinga mwaka 2009: mtu husukumwa na hisia ya ndani ya jema na baya asiyoweza kuieleza, ingawa anaijua akiiona. Niliwahi kumuuliza mshonaji mmoja wa kofia kwa nini ameikataa moja na kuisifu nyingine. Aliniambia, “Hii imekaa, ile haikukaa,” akaendelea na sindano yake. Swidler angepata taabu na jibu hilo.

Sasa nije mtaa wa Langoni hapa Lamu, kwenye msikiti wa Riyadha, maana hapo ndipo nadharia hizi zinapopwaya. Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuasisi msikiti huo, ambaye ukoo wake ulitokea Ngazija, alisomesha watu ambao waungwana wa mtaa wa Mkomani hawakutaka kuketi nao, wakiwamo waliotoka utumwani, na matari yakapigwa katika Maulidi huku wakubwa wa mji wakinung'unika. Leo Maulidi hayo ndiyo yanayoujaza mji wageni. Abdul Hamid el-Zein, mtaalamu kutoka Misri aliyetoa kitabu chake juu ya Lamu mwaka 1974, aliuona mvutano ule kuwa ni wa kugombea haki ya kueleza dini na nasaba. Bourdieu hutueleza vizuri jinsi mizani ya kupimia uungwana inavyodumu. Jinsi inavyopinduliwa na walio chini hatuelezi vya kutosha. Hata hivyo nisiwadanganye: Habib Swaleh alikuwa sharifu, wa kizazi cha Mtume, na nasaba yake ilikuwa na uzito ambao hata wapinzani wake hawakuweza kuukanusha. Aliyeipindua mizani alikuwa tayari ana uzani juu yake.

Tangu UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mizani imepata washikaji wapya. Nyumba za mawe kadhaa ziko mikononi mwa wageni, na wanaozisifu wako mbali na baraza zetu. Niliingia moja ya Mkomani iliyokarabatiwa kwa uangalifu mkubwa, ambayo zidaka zake, yaani vishubaka vya ukutani, zilizokuwa zikipambwa kwa vyombo vya kaure, zimejazwa mishumaa na vitabu. Fundi wa chokaa aliyezichonga upya ndiye aliyenipeleka. Alinionyesha mlango, kisha akaketi dakani, pale nje ya mlango, kunisubiri. Tangu kazi ilipokwisha hajawahi kukaribishwa ndani.